Nilitafsiri Katuni kwa Uongo, Nikavunja Harusi ya Mwana wa Watu

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mapema, msije mkaanza kunitafutia visingizio huko mbele, maana nawajua wasomaji wa ukurasa huu mnavyopenda kulia na mtu. Mimi msinililie. Sitaki pole ya yeyote.

Nilivunja harusi ya binti wa watu. Nikamlaza mavyaa wangu hospitali. Na chombo nilichotumia ni katuni! Ndiyo, katuni, michoro ya Kijapani kwenye mkanda wa video. Chekeni basi, mkimaliza tuendelee.

Jina langu silitaji. Nakaa Msambweni, nimeolewa, nna watoto, na nilisoma hadi kidato cha nne. Hicho kidato cha nne ndicho kilichonitia wazimu. Mtaani petu wanawake wengi wa rika langu waliishia darasa la tano, la sita. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea karatasi za kliniki na maandishi ya kwenye chupa za dawa. Nikipita waliniita "mwalimu." Sijawahi kushika chaki hata siku moja, lakini nilikuwa nikiitika! Naitika na shingo naigeuza taratibu, kama bibi mkubwa wa shule.

Mume wangu, nimwite Baba Salma, anafanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Lunga Lunga. Malori yakijaa hukaa huko wiki mbili, tatu, ndipo arudi nyumbani. Mwaka uliofuatia ile mvua kubwa iliyokata barabara, alirudi na deki ya video iliyotumika na mfuko wa mikanda. Aliyemuuzia alikuwa akihama, hakutaka kuibeba. Mingi ilikuwa ya karate na ya Kihindi. Chini kabisa ya mfuko palikuwa na mikanda myeusi yenye maandishi ya Kijapani na picha ya kengele.

"Hiyo katuni tu," akasema Baba Salma. "Wawekee watoto."

Alhamdulillahi, sikuwawekea. Nilitaka kuijaribu mwenyewe kwanza, mchana kweupe, wali ukiwa jikoni. Nilitarajia nini? Paka akimfukuza panya! Nikakaa kwenye kochi nimekunja miguu, nikijichekea.

Basi hakukuwa na paka wala panya. Palikuwa na mji mdogo wa mlimani uliojaa ukungu, na nyumba ya wageni, na kengele. Kengele ikilia, mtu mmoja anatoweka. Haonekani akichukuliwa. Asubuhi watu wanafungua chumba chake, kitandani hayupo, viatu vyake viko pale pale mlangoni, vimepangwa.

Hakuna damu. Hakuna zimwi. Hakuna mtu anayepiga kelele. Ni kimya tu, na mlango unaofunguka polepole, na uso uliochorwa ukikutazama bila kupepesa. Maandishi ya Kiingereza yanapita chini ya picha, nami nayafukuza kwa macho, moyo unanienda mbio kama niliyeibiwa. Wali ukaungua. Nilisikia harufu nikashindwa kuinuka!

Kilipoisha kipande cha kwanza nilitaka kwenda chooni. Choo chetu kiko nje, nyuma ya mpapai. Jua liko utosini, kuku wanachakura, mtoto wa jirani anaimba. Nikaenda na fagio mkononi. Mimi, mwalimu! Nimeshika fagio kama upanga, kisa michoro.

Mtu mwenye akili angeizima akairudisha mfukoni. Mimi nikaita majirani.

Sitasema uongo tena hapa: niliwaita ili waogope wao, nami nionekane siogopi. Wakaja alasiri, wamejifunga leso, wamebeba watoto wachanga na bakuli za karanga. Kati yao alikuwako Mama Athumani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari haijawahi kulala kwake ikaamka haijatembea. Alikuwako Mama Kioko, Mkamba wa mashamba ya makazi huko juu, aliyekuwa akituletea nyanya na parachichi. Yeye hukaa karibu na mlango, ndoo yake miguuni.

Na alikuwako Mejumaa.

Mejumaa ni mtu wa Bodo. Alikuwa amechumbiwa na Bakari, mdogo wake mume wangu, aliyekuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya Diani. Siku zile Mejumaa alikuwa akikaa kwa shangazi yake hapo Msambweni, akijifunza cherehani. Msichana mpole, mwenye kidoa cheusi chini ya jicho, maneno yake machache. Kila adhuhuri alikuwa akimletea mavyaa wangu chakula. Mavyaa, mama mzaa mume wangu, ana ugonjwa wa sukari, na tulikuwa tukikaa naye. Mejumaa aliuliza kliniki mgonjwa wa sukari ale nini, kisha akawa anapika mwenyewe: samaki wa kuchemsha, mchicha, uji wa mtama. Anakuja na bakuli lake limefungwa kwenye leso, anapiga hodi kwa adabu, anasema, "Shikamoo mama, leo nimekuletea samaki changu."

Mimi nilikuwa nimempikia mavyaa huyo miaka minane. Miaka minane! Halafu asubuhi moja, nikiwa namkunjia shuka, akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Mejumaa ana mkono, mwanangu. Wewe una kisomo, lakini yeye ana mkono."

Nilikunja ile shuka mpaka ikawa ndogo kama kitambaa cha kufutia jasho.

Sasa rudini kwenye katuni. Katika ule mji wa ukungu kulikuwa na msichana mmoja, mkimya, anayewapelekea wagonjwa supu kwenye chungu kilichofungwa kitambaa. Kila alikopeleka supu, baada ya siku mbili tatu kengele inalia, mgonjwa hayupo. Na kulikuwa na daktari mmoja mzee, mwenye ndevu nyeupe na tabasamu tamu, kipenzi cha kila mtu, akipita nyumba kwa nyumba akiwapoza watu kwa chai.

Mama Athumani alikuwa wa kwanza kusema. "Hee! Mtazameni huyo wa supu. Mbona kama mtu namjua?"

Wakacheka. Mejumaa mwenyewe alicheka, akajifunika uso kwa upindo wa leso. "Jamani, kwani mimi napika vibaya hivyo?"

Ungekuwa utani, ukapita. Na ungepita, kama si mimi.

Ukafika mkanda wa tatu. Kuna bibi mmoja mgonjwa kitandani, anamshika mjukuu wake mkono, anamvuta sikio karibu na mdomo. Sebuleni petu hakuna aliyetafuna karanga. Maandishi yakatoka. Kwa Kiswahili yalikuwa yakisema hivi: "Usile chochote ila anachokuletea yeye." Yeye, yaani yule msichana wa supu.

Ila. Kwa Kiingereza ni neno la herufi tatu tu. Nililiona. Wallahi nililiona! Watu wakiungama husema "shetani alinipitia," "nilighafilika." Mimi sikupitiwa na yeyote. Lilikuwa pale kwenye kioo, jeupe, wazi.

"Anasemaje? Anasemaje, mwalimu?" Mama Athumani ananivuta mkono.

Nikasema, "Anamwambia: usile chochote anachokuletea yeye."

Neno moja nikalimeza.

"Lahaula!" wakasema kwa pamoja. Na wakageuka. Sijui nani alianza, lakini wote waligeuka wakamtazama Mejumaa. Naye alikuwa ametoa macho kwenye televisheni, mikono kifuani, anamhofia mtoto wa ndani ya katuni!

"Maskini," akasema. "Ale nini sasa huyo mtoto?"

Mama Kioko peke yake ndiye aliyeguna. "Aki nyinyi! Mnaogopa picha za kuchora? Mimi naenda kuuza nyanya zangu." Akabeba ndoo yake akatoka. Nikamcheka nyuma yake, nikasema mtu wa bara hajui starehe. Mtu pekee mwenye akili kwenye chumba kile, nami nikamcheka!

Mkanda wa mwisho niliuona peke yangu kabla ya kuwaita. Ndipo nilipojua. Mwuaji alikuwa ni yule daktari. Alikuwa akitia kitu kwenye chai yake ya tabasamu, na supu ya yule msichana ndiyo iliyokuwa dawa ya sumu ile. Wale waliotoweka ni wale walioacha kula supu yake, kwa sababu walimshuku. Mji mzima ulimshuku mtu aliyekuwa akiwaokoa.

Nilikaa mbele ya deki muda mrefu. Nilijua la kufanya. Ningewaita alasiri, wangeona, wangempigia Mejumaa vigelegele, yakaisha. Lakini wangeniuliza: mwalimu, mbona ulisema asile? Na ningejibu nini? Kwamba mwalimu hajui Kiingereza, au kwamba mwalimu ni mwongo?

Basi nilipowaita nikawaambia, "Mkanda wa mwisho umeliwa na deki. Umekatika vipande."

Oneni upumbavu wangu. Sikutaka kuaibika kwa saa moja, nikanunua aibu ya maisha.

Mama Athumani alifanya kazi yake. Katika siku chache Mejumaa alikuwa hana jina tena, ni "Binti Supu." Akipita kwenda kwa fundi wake, watu wananong'ona. Watu wazima, wenye ndoa na wajukuu! Wanaogopa bakuli la samaki kwa sababu ya kitu alichochora Mjapani asiyeijua hata Msambweni iko wapi. Nawadharau, naam. Lakini wao walikosa kusoma tu. Mimi nilisoma.

Maneno yakamfikia mavyaa. Sikumwambia mimi, Mama Athumani ndiye aliyekwenda kumjulia hali. Tangu siku hiyo Mejumaa akileta chakula, mavyaa anamshukuru, anamwombea dua, anasubiri aondoke, kisha anakimwaga kwa dirisha. Kuku wangu walinenepa wiki zile mpaka wakawa wanatembea kwa uzito! Nilidhani ni mchwa baada ya mvua. Na hakuna kuku hata mmoja aliyekufa. Hakuna! Lakini nani aliyeuliza?

Kuniomba mimi chakula kingine aliona haya. Angeniambia nini, baada ya yale maneno ya mkono na kisomo? Akawa anakaa tangu asubuhi na kikombe kimoja cha chai kavu, anameza vidonge vyake vya sukari juu ya tumbo tupu, anangoja chakula cha jioni.

Adhuhuri moja nilisikia kishindo chumbani kwake. Nikamkuta sakafuni, mwili baridi, jasho limemlowesha kanga yote, ulimi mzito, macho hayanijui. Nikapiga mayowe. Majirani wakaja, tukambeba kwa mkeka hadi kwenye pikapu ya mwenye duka, tukampeleka hospitali.

Wakamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Akafumbua macho. Daktari akaniita kando, akaniuliza, "Mama huyu anakula nini mchana?"

Nikasema analetewa chakula kizuri, cha samaki na mboga.

"Basi hakili," akasema. "Sukari imeshuka mpaka mwisho. Amemeza dawa bila chakula, tena si siku moja. Mngechelewa kidogo mngekuja na maiti."

Nilirudi kwenye benchi. Mama Athumani alikuwa pale, na shangazi mkubwa wa mume wangu, bibi mkali ambaye hata wanaume wa ukoo humshushia sauti. Wakaniuliza, daktari kasemaje?

Nikasema, "Ni sukari tu."

Na hilo nalo si uongo, eti! Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kukata maneno nusu.

"Sukari gani imwangushe mtu baada tu ya kula kwa yule?" akasema Mama Athumani.

Shangazi alikaza ushungi wake.

Baba Salma alikuja mbio kutoka Lunga Lunga, akamwona mamake ameamka anaongea, akarudi kazini. Alipoondoka tu, shangazi akaitisha kikao nyumbani kwetu, alasiri. Bakari akaja kutoka Diani na sare yake ya hoteli. Mejumaa akaja na shangazi yake, wakakaa kwenye mkeka upande wa mlango. Alikuwa amebeba bakuli. Wallahi alikuja na bakuli, uji wa mgonjwa, hajui ameitiwa nini!

Shangazi wa mume wangu akanigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyesoma. Hicho chombo chenu kilisema nini?"

Hapo ndipo penyewe. Kama mna dua ya kumwombea mtu mbaya, iombeeni dakika ile.

Nikasema, "Kilisema wasile anacholeta. Mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

Bakari akaruka. "Shangazi! Mwamvunjia mtu heshima kwa katuni?"

"Katuni haikumlaza mamako," akasema shangazi.

"Na mwisho wake ulikuwaje?" Bakari akaniuliza mimi, ananitazama usoni. "Shemeji, mwisho wake? Aliyekuwa akiwaua ni nani?"

"Sijui. Mkanda uliliwa na deki."

Mejumaa aliweka bakuli chini. Hakulia. Akamwambia shangazi wa mume wangu, "Bibi, acheni nionje mimi kwanza. Nitakula mbele yenu." Akafungua leso, akachota uji kwa kijiko, akala. Akachota tena. Akala. Mama Athumani alisogea nyuma kana kwamba ule uji ungemrukia. Mejumaa akaendelea kula mpaka bakuli likawa nusu, na shangazi yake akamshika mkono akamwambia, "Basi, mwanangu. Basi. Twende."

Nimeyaona mengi yaliyochorwa kwenye mikanda ile. Hakuna lililonitisha kama kile kijiko. Na bado nilinyamaza!

Baada ya siku mbili mjomba wake akapanda kutoka Bodo. Mtu mfupi, mikono imepasuka kwa chumvi. Hakukaa. Alisimama uani akasema, "Sisi hatukumleta binti yetu aonjwe kama sumu ya panya. Chukueni kishika uchumba chenu." Akaweka kifurushi kwenye kizingiti, akaenda zake. Bakari alimfuata hadi barabarani akimsihi. Alirudi peke yake. Hakuingia ndani kwetu.

Habari zikamfikia Baba Salma, akarudi Jumamosi. Jumapili asubuhi akakaa mbele ya televisheni na chai yake na mahamri, akasema, "Nitakitazama hicho kitu kilichotufarakanisha na watu." Nikamwambia hakina maana, ni upuuzi wa kitoto. Akaniambia, "Kaa."

Akatazama mkanda wa kwanza. Wa pili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa kochi. Ulipofika wa tatu, pale kwa bibi mgonjwa, akasimamisha picha. Akairudisha nyuma. Akaiacha ipite. Akairudisha tena.

"Mama Salma. Nisomee hapa."

"Si unajua kusoma mwenyewe?"

"Nisomee. Kwa sauti."

Nikasoma. Kwa Kiingereza.

"Kwa Kiswahili."

"Usile chochote... ila anachokuletea yeye."

"Tena."

Nikarudia. Kama mtoto wa darasa la kwanza! Akainuka, akautoa mkanda wa mwisho mfukoni, akaugeuza huku na huku. Ulikuwa mzima, haujakwaruzwa hata kidogo. Akautia kwenye deki. Sikuweza kukaa. Nikageuka niende jikoni, na pale mlangoni, pazia limevutwa kando, alikuwa amesimama mavyaa, ameshatoka hospitali, na mkongojo wake. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "mimi nilikaa na njaa ndani ya nyumba ya mwanangu kwa neno lako wewe?"

Nilianguka miguuni pake. Aliuondoa mguu wake, si kwa hasira, kama mtu anayekwepa kukanyaga kitu.

Mchana ule nilimpikia. Samaki wa kuchemsha, mchicha, kama alivyokuwa akipika Mejumaa. Alikifunika kile chakula kwa sahani nyingine, akakisukuma. "Leo nimejua mkono wa kuogopa ni upi," akasema. Jioni vile vile. Kesho yake vile vile. Baba Salma akawa anamnunulia chakula kwa mama lishe wa barabarani, mimi nikiwa jikoni na masufuria yangu. Wiki haikuisha, akamhamishia Kwale kwa wifi yangu. Huko anakula vizuri, naambiwa. Nikienda kumjulia hali ananijibu salamu, ananiuliza watoto, na nikigusa tu sufuria ananiambia, "Acha, mwanangu, pumzika." Kila mtu anadhani ni ukarimu.

Bakari alifunga safari akaenda Bodo mara mbili, akakataliwa. Akaacha kazi ya Diani, akavuka kwenda Unguja kutafuta hoteli ya huko. Sikukuu zote mbili hakuja. Baba Salma hakuniacha, msiulize. Alikuwa akinisimulia kila kitu cha kazini kwake, malori, madereva, vituko vya mpakani. Sasa anakuja, anakula, anasoma gazeti, analikunja.

Na Mama Athumani? Aliposikia ukweli alikuwa wa kwanza kusema, "Mimi tangu mwanzo nilijua yule binti hana neno." Tangu mwanzo! Mwanamke yule angefaa kuongoza nchi.

Mwezi uliopita nikajikaza, nikashuka Bodo. Nilimkuta Mejumaa kibarazani kwao, na cherehani yake, anashona sare za shule. Amepungua mwili. Aliponiona aliusimamisha mguu, lakini hakuinuka. "Karibu, dada," akasema. Hata mimi! Hata mimi alinikaribisha.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, ya kusomeka vizuri. Yote yakaniruka. Nikasema tu, "Nililiona lile neno. Sikukosea. Nililiona."

Akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia kabisa.

"Ile hadithi iliishaje?"

Nikamwambia yote. Kwa mara ya kwanza nikaitafsiri bila kupunguza wala kuongeza. Nikamweleza daktari na chai yake. Nikamweleza supu ilikuwa dawa. Alikuwa akisikiliza huku anavuta uzi kwenye sindano, na nilipofika pale mji ulipojua ukweli akaacha uzi.

"Na wale watu, walimwomba radhi?"

"Walikwenda wote nyumbani kwake kumwomba. Wakakuta mlango wazi, hayupo. Alikuwa ameshashuka mlima peke yake."

Mejumaa akatikisa kichwa taratibu. Akaipanga vizuri ile sare chini ya sindano.

"Basi wewe una bahati, dada," akasema. "Wewe umenikuta. Umeshasema ulilojia, nami nimelisikia. Sasa inuka, nna kazi."

Akakanyaga cherehani.

Niliinuka. Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumuuliza.

Haya, sasa zamu yenu. Najua mko, nyinyi mnaowasomea wenzenu: barua, hukumu, karatasi za shamba, aya, habari za redio. Mtu asiyejua kusoma amekupa macho yake uyatumie. Ukiyatumia kumtia mwenzio kisu, usiende ukasema ulikuwa ukicheza. Usiseme ni katuni tu. Na ukijiona umekosea, sema siku ile ile, mbele ya wale wale, ungali na uso wa kusemea. Ukingoja utachelewa, ufike mlangoni kwa watu na maneno yako mazuri, uambiwe kwa adabu uondoke, wana kazi.